Kikombe cha Uzi Mwekundu

Wewe unayesoma, umeshapita mlango kama huu. Usitikise kichwa. Ulisikia kikohozi nyuma ya pazia, ukaongeza mwendo, ukajiambia kwamba wenyewe wapo. Sisi tuliokaa kitongoji cha Lindi, Kibera, jijini Nairobi, mwaka wa 1996, hatujawasahau walioongeza mwendo. Leo hutapita. Leo utaingia ndani pamoja na Amolo.

Amolo alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alipotoka shuleni alichota maji, akawasha jiko, akapika ugali na sukuma wiki kabla mama yake, Jael, hajarudi kutoka kuuza dagaa wa omena sokoni Sarang'ombe. Kisha alimpelekea chakula Aunti Apiyo, mdogo wa mama yake, aliyekuwa amelala nyuma ya pazia tangu mwezi wa tatu.

Apiyo alikuwa na ukimwi. Neno hilo halikutamkwa katika nyumba ile. Lilifungwa kwenye kikombe. Jael alikuwa amezungusha uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha mdogo wake, ili mwingine asije akakinywea bila kujua.

"Weka sahani juu ya stuli, utoke," Jael alimwagiza binti yake. "Usikae huko."

Amolo aliweka, akatoka. Asubuhi alikuta ugali umekauka vile vile, haujamegwa; chai tu ndiyo iliyopungua kikombeni.

"Amekataa kula," alimwambia mama yake.

Kila Jumatano jioni alikuja Sista Waithira, muuguzi wa zahanati moja ya Kawangware, aliyezungukia wagonjwa wa majumbani. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kadi mkononi.

"Anaendeleaje?"

"Amekataa kula, Sista," Amolo alijibu.

Waithira aliandika: *Amekataa kula.* Wiki tatu mfululizo, maneno yale yale. Kisha akaenda zake, viatu vyake vyeupe vikiruka mtaro.

Jumatano ya tatu, Jael alikaa kitako akashika tama. "Mtu akikataa kula, amekata shauri. Jumamosi nampandisha basi aende kwetu Ugenya. Heri afie nyumbani."

"Lakini Mama, hata kukaa hawezi! Atafika kweli?"

"Nyamaza, nyathina, mwanangu. Unadhani mimi nimependa?"

Habari za uzi zilikuwa zimeshazagaa mtaani. Kesho yake darasani, Amolo aliazima rula kwa Daisy. Chris, wa dawati la nyuma, akapaza sauti: "Manze Daisy, usimpatie! Huyo ni wa ile keja, ile nyumba ya uzi mwekundu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Daisy alimnyang'anya rula yake, akaipangusa kwenye sketi.

Amolo alifika nyumbani akitweta kwa hasira. Hakuwasha jiko. Alilivuta pazia kwa nguvu.

"Kwa nini hutaki kula?" alifoka. "Unatuaibisha! Jumamosi unapelekwa, na umejitakia mwenyewe!"

Apiyo aligeuka polepole. Alipofungua mdomo kujibu, Amolo aliona. Ulimi wake na mashavu kwa ndani vilikuwa vimefunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na pale ulipobanduka palikuwa pekundu, pabichi.

"Ugali unanikata kama wembe," Apiyo alinong'ona. "Njaa inaniua, Amolo. Nani aliniuliza?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa umeshatoka."

Amolo alisimama hapo, hasira yote imemwishia. Kisha alikoroga uji mwepesi, akaupoza, akakaa kitandani, mahali alipokatazwa kukaa. Kijiko kwa kijiko, Apiyo alimaliza kikombe kizima. Akaomba kingine.

Lakini Jael hakubadili shauri. "Vikombe viwili vya uji haviponyi mtu," alisema, akaendelea kufunga nguo za mdogo wake.

Ijumaa, baada ya masomo, Amolo alitembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware. Alimkuta Waithira mezani, foleni ikiwa imejaa hadi nje. Ukutani, juu ya kichwa cha muuguzi, palikuwa na kadibodi aliyoiandika mwenyewe alipotoka chuoni: *Mjue mgonjwa kwa jina. Mguse. Msikilize kabla ya kuandika.*

"Nitakuja Jumatano," Waithira alisema bila kuinua macho.

"Jumatano hatakuwepo. Anapandishwa basi kesho. Na hakukataa kula, Sista. Ana vidonda mdomoni. Hujawahi kumwangalia."

"Nani alikufundisha kuongea na watu wazima hivyo?"

"Hiyo kadibodi yako."

"Mwambie, mtoto!" mama mmoja alidakia kutoka kwenye benchi. "Mimi hapa hajaniuliza hata jina!"

Waithira aligeuka akaitazama kadibodi kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Alipomaliza foleni, na safari hii alimuuliza kila mgonjwa jina lake, alichukua mkoba wake akamfuata Amolo.

Jael aliwapokea kwa ukali. "Leo ndiyo unaingia? Unajua kwa nini nilifunga ule uzi? Nilikuona wewe, mtu uliyesoma, unaogopa kuvuka kizingiti. Nikasema, kama sista anaogopa, mimi ni nani?"

Waithira alivuka kizingiti. Alikaa kitandani, akashika mkono wa mgonjwa.

"Apiyo, mimi ni Waithira. Unaumwa wapi?"

Alimmulika mdomoni kwa tochi, akampaka dawa ya rangi ya zambarau, akamwonyesha Jael jinsi ya kuipaka na vyakula laini vya kumpa. Kisha akatoa makasi akakata ule uzi.

"Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa kukaa na mtu," alisema. "Ilikuwa kazi yangu kuwaambia, nami nilibaki mlangoni." Alichukua kadi, akayafuta maneno yale yaliyoandikwa mara tatu. Mahali pake aliandika: *Hakuulizwa.*

Jael akazifungua nguo alizokuwa amezifunga, na Jumamosi basi liliondoka bila Apiyo. Baada ya wiki mbili alikuwa anakaa nje mlangoni, akichambua sukuma wiki na kumtania Amolo kwamba uji wake una madonge.

Jumatano iliyofuata, Waithira alimwambia Amolo: "Chuoni tulisomea nadharia za utu katika uuguzi. Kwenye mtihani nilipata tisini kwa mia. Nilijua kuandika juu ya huruma, kuitenda sikujua. Kumhudumia mtu ni kumkaribia, umuulize, halafu ungoje jibu. Asiyengoja jibu asiseme mgonjwa amekataa."

Umesikia, msomaji? Basi usifunge kitabu uende kucheza. Mtaani kwako kuna pazia, na unalijua. Nenda leo, kabla ya giza. Ingia, kaa, mtaje jina. Muulize anaumwa wapi. Na usitoke kabla hajakujibu.