Kwenda Nusu Saa, Kurudi Saa Mbili na Nusu

— Gauni hili silimalizi!

Mama aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Gauni langu la harusi likabaki linaning'inia mezani, pindo bado. Mkononi alishika simu yangu, miwani puani.

— Mama, kuna nini tena? Jana si ulikubali?

— Jana sikuwa nimeziona tiketi alizokutumia mchumba wako. Kwenda, ndege inaruka saa nne asubuhi, inatua saa nne na nusu. Nikafurahi, kumbe mwanangu anaolewa hapo jirani! Sasa soma kurudi.

Nikasoma. Inaruka saa nane mchana, inatua saa kumi na nusu.

— Umeona? Kwenda kwake ndege inakimbia, kurudi kwangu inasuasua. Ananiona mshamba huyo?

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Dada yangu alipoolewa aliahidi kuja kila likizo, na sasa tunamwona kwenye picha tu. Nikampigia mchumba wangu, fundi wa lifti, nikaweka spika.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kutoka hapa hadi huko ni umbali gani?

— Kilomita mia tisa hivi.

— Na kutoka huko hadi hapa?

— Ni hizo hizo, mama.

— Basi mbona kurudi saa zinaongezeka?

— Saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa moja. Hewani ni saa moja na nusu, kwenda na kurudi.

— Kwa hiyo ile nusu saa ni uongo?

Nikamwandikia haraka: “Mpoze tu, yaishe!” Hakunisikiliza.

— Si nusu saa, mama. Na sitaki kukuchukulia mwanao kwa hesabu ya uongo. Njoo naye. Vaa saa yako, usiiguse mpaka mtue.

Mama akakata simu.

— Ana kiburi, alisema. Mwambie alete tiketi yangu.

Ndani ya ndege hakula wala hakulala. Begi la gauni magotini, macho kwenye saa yake ya mkononi. Tulipotoka, mchumba wangu alikuwa mlangoni, na saa ya ukutani juu yake ilionyesha saa nne na nusu.

— Yangu inasema saa tano na nusu, mama akatangaza. Saa moja na nusu, kama ulivyosema. Hongera, baba, husemi uongo.

Kisha akanigeukia, sauti ikiwa chini.

— Dada yako yuko karibu kuliko hapa, mwanangu. Nusu saa ya kweli. Na haji.

— Mimi nitakuja, mama.

— Hata yeye alisema hivyo.

Akaivua saa yake, akanivisha mkononi.

— Usiirudishe nyuma. Hiyo ni saa ya nyumbani.

Nikalia palepale, mbele za watu.

— Machozi baadaye, akasema. Nionyesheni chumba chenye mwanga. Gauni halijapindwa.

Niliolewa nimevaa gauni hilo. Leo rubani ametangaza tunakaribia kutua, na mume wangu hapa pembeni anahangaika kuisogeza saa yake mbele.

Mimi yangu siigusi.