Pelagia Alikaa na Nani

Kila asubuhi kabla ya kengele, Theopista, kiranja wa darasa la tano, alisimama mlangoni akihesabu vichwa. Wakitimia sitini na nane, alishusha pumzi. Akikosekana mmoja, alimtuma mtu mbio akamlete. Darasa lililotimia mwezi mzima lilipewa bendera ya mahudhurio, na wao walibakiza siku nne tu.

Sitini na nane, chumba kimoja, madirisha mawili. Mwaka huo, 1974, watu wa pande za Ugalla walikuwa wametolewa mashambani kwao na kukusanywa kijiji kimoja. Nyumba zikabanana, na madawati yakabanana. Waliopanga hayo walikaa ofisini, kila mmoja na dirisha lake. Hakuna aliyeuliza mtoto akikohoa, pumzi yake inakwenda wapi.

Jumatatu Pelagia alikuja macho mekundu, pua inachuruzika, mwili wa moto.

"We Theo, mimi narudi nyumbani. Kichwa kinaniuma kweli."

"Ukalale? Vumilia mpaka Alhamisi, siku nne tu."

"Na Mwalimu akiniona?"

"Utakaa nyuma. Nitakuhamisha kila siku, hatakuona."

Kasimu, bingwa wa utani, akamchungulia. "Macho gani hayo? Umekwenda kurina asali, moshi ukakupata?"

Watoto wakacheka. Hata Pelagia akacheka, kisha akakohoa mpaka akainama.

Jumanne Theopista alimketisha kwa Kasimu, Jumatano akamsogeza pembeni. Siku hiyo, alipokuwa akimfunga kitambaa kichwani, aliona vipele nyuma ya masikio. Alivijua. Mdogo wake Cletus alianza hivyo hivyo, na Cletus hakufikisha miaka mitatu. Theopista akajiambia ni vipele vya joto, akakivuta kitambaa kikafunika masikio.

Alhamisi Pelagia alianguka mstarini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Melkior, akatuma mtu zahanati, na Nesi Skolastika akaja na baiskeli, nyuma amefunga sanduku la chanjo.

"Ni surua," alisema. "Ameanza kuumwa lini?"

Mwalimu Melkior akafungua daftari la mahudhurio. "Yupo kila siku. Angekuwa mgonjwa angekuja?"

"Kiranja, ameanza lini?"

"Leo, Nesi."

"Amekaa na nani?"

"Na mimi tu."

Nesi akatikisa kichwa polepole. "Sikilizeni. Aliyekaa naye, kama hajawahi kuugua surua, atakaa siku kumi hivi ndipo augue, na atawaambukiza wadogo zake nyumbani. Hao wadogo ndio surua inawamaliza. Nina sindano kumi na nne. Nitawachoma watoto wachanga wa nyumba zenu mbili, kwako na kwa Pelagia, zinazobaki nazipeleka kijiji cha pili."

Akaanza kuisukuma baiskeli. Theopista akamtazama Kasimu. Kila jioni Kasimu alimbeba mgongoni mdogo wake wa miezi kumi, mama yao akiwa shambani.

"Nesi, ngoja." Theopista akaikimbilia baiskeli. "Nimesema uongo. Ameanza Jumatatu. Alitaka kwenda nyumbani, mimi nikamkataza kwa ajili ya bendera. Jumatatu alikaa na Immaculata na Minza. Jumanne na Kasimu..."

Akawataja wote, wanane, na yeye mwenyewe wa tisa. Mwalimu Melkior akanyoosha mkono, akachukua fimbo.

"Iweke chini, Mwalimu," alisema Nesi. "Kwani bendera aliileta mtoto?"

Mwalimu aliwatazama watoto, wote wakimwangalia. Kisha akaiweka fimbo chini. "Niliileta mimi," alisema.

Siku hiyo Theopista alitangulia mbele ya baiskeli, akionyesha milango tisa, na wa kumi wa kina Pelagia. Sindano zote kumi na nne ziliishia humo, na Nesi akaagiza nyingine za kijiji cha pili. Darasa la tano likafungwa majuma mawili. Wanne kati ya wale tisa waliugua, wakapona. Hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyezikwa.

Pelagia alirudi shule baada ya mwezi, amekonda, sikio la kushoto halisikii kwa ile surua. Theopista alimwomba radhi mbele ya wenzao. Pelagia akamwambia, "Rudia, sijasikia," na darasa zima likabaki halijui licheke au linyamaze.

Bendera haikutolewa tena. Nesi alikuja mstarini, akasema na wakubwa kwanza.

"Walimu, msimpe mtoto sababu ya kuficha homa. Darasa likijaa wagonjwa, hilo si sifa." Kisha akawageukia watoto. "Nyie nanyi, mwili ukichemka semeni siku hiyo hiyo, mbaki nyumbani. Hapo hamjatoroka shule, mmewalinda wenzenu. Theopista alisema kweli siku ya nne, tukawawahi wachanga. Angesema siku ya kwanza, labda leo Pelagia angenisikia kwa masikio yote mawili."