Kuku wa Bibi Ajalika

Somoe anaishi Newala na Babu yake. Nyumba yao ina mlango wa bluu.

Zamani waliishi watatu. Sasa Bibi Ajalika amefariki.

Kiti chake kipo. Kanga yake ipo.
Bibi hayupo.

Jioni inafika. Kuku wa Bibi wamepanda juu ya mkorosho. Hawataki kulala bandani.

Usiku huja kanu, mnyama mwenye mkia mrefu. Kanu anajua kupanda miti. Jana alimla kuku mmoja mwekundu.

"Leo atakula mwingine," anasema Somoe. Machozi yanamlengalenga.

Babu anaita. "Kuruu, kuruu, kuruu!"
Kuku wanamtazama. Hawashuki.
Bibi hayupo.

Somoe anaita. "Njooni! Njooni mlale!"
Kuku wanamtazama. Hawashuki.
Bibi hayupo.

"Babu, kuku hawa walitoka wapi?"

"Bibi yako alikuja hapa akiwa bibi harusi, na tetea mmoja kwenye tenga. Tetea yule alizaa. Watoto wake wakazaa. Bibi alilea watoto wetu, akalea wajukuu, akakulea na wewe. Miaka yote hiyo kuku walilala bandani."

"Aliwaitaje?"

Babu anafikiri. Anafikiri sana.

"Hakuwaita," anasema polepole. "Sikumsikia akiwaita hata siku moja."

Somoe anafumba macho. Anamwona Bibi, jioni, karibu na banda. Mtama unaruka, mtama unatua.
Shee, shee, shee.

"Babu! Alikuwa anapepeta!"

Ungo umetundikwa ukutani. Tangu Bibi afariki, Babu hununua unga dukani.

Somoe anaushusha ungo, anatia mtama. Ungo ni mkubwa. Somoe ni mdogo. Mtama hauruki.

"Lete," anasema Babu.

Shee... shee... Pumba zinamwingia puani. Chyaa!

Jirani yao, Bi Asumini, anachungulia juu ya ua.

"Makubwa! Shemeji, leo unapepeta?"

"Leo mimi ndiye Ajalika," anajibu Babu.

"Wee! Basi tikisa mabega! Mwenzio alipepeta kwa mabega!"

Babu anatikisa mabega. Somoe anacheka mpaka anakaa chini.

Shee, shee, shee.

Pu! Kuku mmoja anashuka.
Pu! Pu! Pu! Wanashuka wote.

Wanadonoa mtama, do, do, do. Kisha wanaingia bandani, mmoja nyuma ya mwingine. Babu anafunga mlango.

Sasa Somoe yuko kitandani. Amejifunika kanga ya Bibi.

"Babu, kesho utapepeta?"

"Nitapepeta."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa. Lala, mjukuu wangu."

Bibi hayupo.
Babu yupo. Somoe yupo.
Na bandani kuku wa Bibi wapo, wamebanana, wanasinzia.

Somoe anafumba macho.
Shee, shee, shee.