Nilimchoma Sindano Paka Mwenye Njaa

Naitwa Solange, nina miaka kumi na tisa. Shule yangu iliishia darasa la sita. Haya yalinipata mwaka jana mtaa wa Hewa Bora, nyumbani kwa Tantine Odette, yaani mama mdogo Odette, binamu wa marehemu mama yangu. Alinichukua nilipokuwa sina mwingine.

Tantine alikuwa na paka, Minou, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Minou alikuwa na ugonjwa wa sukari. Ndiyo, wasomaji, hata paka huugua sukari...

Daktari wa wanyama alituonyesha. Saa kumi na mbili asubuhi anakula, kisha anachomwa insulini, alama mbili tu za bomba la sindano, chini ya ngozi ya shingo. Saa kumi na mbili jioni vivyo hivyo. Chakula kwanza, sindano baadaye. Akilegea na kutetemeka, apakwe asali kwenye fizi haraka.

Mikono ya Tantine ilitetemeka. Binti yake Bibiche, wa rika langu, alisema sindano zinamtia kichefuchefu. Mimi nikaweza. Siku moja Tantine aliwaambia wageni, "Huyu njo munganga wangu," yaani mimi ndiye daktari wake. Sikujua niangalie wapi kwa furaha. Wageni walicheka. Bibiche hakucheka.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba Minou akiishi, nami nina mahali pa kulala.

Kisha kanisa letu likatangaza mfungo wa siku tatu, kuanzia Ijumaa hadi Siku ya Mungu, yaani Jumapili. Tantine alikwenda kukaa kwenye maombi, simu imezimwa. Alifunga kabati la chakula na kuondoka na ufunguo, ili sisi wasichana tusishindwe na majaribu. Alichoacha wazi ni sufuria ya kuku wa Minou ndani ya friji.

Alfajiri ya Ijumaa nilikuwa nimeshika sahani ya Minou. Bibiche akanizuia mkono.

"Maman amesema ata paka atafunga na siye. Ile nyama iko ya Siku ya Mungu."

Nikauliza, na sindano?

"Sindano njo chakula? Nani munganga hapa, mi ao we?"

Nikairudisha sahani mahali pake, tupu. Kanisani tumefundishwa kwamba mgonjwa anayefunga asiache dawa, kwa kuwa dawa haivunji mfungo. Nikaona maneno ya Bibiche na ya kanisa yamepatana. Mbona sikukumbuka maneno ya daktari? Niliyakumbuka... Lakini Bibiche alikuwa mtoto wa nyumba, na mimi nilikuwa wa kuokotwa.

Minou alinifuata hadi kwenye sahani yake. Akalamba bati kavu. Akaniangalia. Nikamshika shingo na kumchoma alama mbili.

Jioni alilia tena. Namba ya daktari ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Lakini yule daktari huongea Kifaransa, na Kifaransa changu watu hukicheka. Nilipanga sentensi moja kichwani, nikairudia mara nyingi, kidole kikiwa juu ya simu. Sikubonyeza. Nikamchoma.

Jumamosi asubuhi nikamchoma tena.

Kabla ya saa nne alianza kuyumba kama mlevi. Akaanguka ubavu, miguu ikipiga sakafu. Asali ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa. Nilivuta mlango wa kabati hadi kucha ikang'oka. Nikakimbia kwa jirani kuomba sukari, nikarudi, nikampaka kwenye fizi. Fizi zilikuwa zimeshapoa...

Nilipokwenda kutupa kitambaa nilichompangusia, niliona mfuko umefungwa vizuri ndani ya pipa la taka. Nikautoa na kuufungua: mifupa ya kuku. Nikafungua friji. Sufuria ilikuwa tupu.

Jirani alituma mtu kanisani. Tantine alifika mchana, midomo imekauka kwa njaa. Alimwinua Minou na kumbeba kama mtoto mchanga. Bibiche akawa wa kwanza kusema.

"Maman, Solange njo alikula nyama ya paka. Nilimukataza, akanitukana."

Tantine akanigeukia. Aliuliza polepole, "Ulikula chakula yake, na kisha ukamuchoma?"

Nilifungua kinywa. Mfuko wa mifupa nilikuwa nao mkononi bado. Yakatoka machozi tu. Tantine akaangalia mfuko, akaangalia machozi yangu, na akaamini.

Jioni hiyo hiyo nilitoka na nguo zangu ndani ya kikapu. Bibiche alinifungulia lango. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Munganga, safari njema."

Sasa nafagia kwa fundi wa nguo, mtaa wa Kamalondo, na nalala kati ya cherehani. Watu wa Hewa Bora wakipita huniita Mula-Paka, yaani mla paka. Bibiche hubeba Biblia ya mama yake kila Siku ya Mungu.

Yeye alizua amri ya mama yake na kula nyama. Lakini sindano tatu zile ni zangu, na mkono wangu haukutetemeka hata mara moja. Hilo ndilo linaloniamsha.

Wenzangu mnaoona haya, nawasihi. Ukiletewa amri na kinywa cha mwingine, mtafute mwenyewe aliyeitoa. Na kama unamtunza mgonjwa wa sukari, awe paka au bibi yako, akikosa kula weka sindano chini. Uliza. Uliza kwa Kifaransa kibovu, uliza ukilia, wacha wacheke... lakini uliza kabla hujachoma.