Picha ya Jiwe Lililopasuka

Siku Adero alipokutana na Werema, soko la Tarime lilikuwa linamuua mtu. Jamaa mmoja alikuwa ameuza shaba akisema ni dhahabu, na miaka ile ya homa ya dhahabu mwizi wa ng'ombe angeweza kusamehewa, si huyo. Mawe yalirushwa, mabati ya vibanda yakalia, akina mama wakajitupa juu ya nyanya zao. Adero, ndani ya gauni lake la kitenge cha kijani, alikuwa amejibanza nyuma ya meza ya muuza vifaa vya kinyozi. Mkononi alishika brashi laini aliyoitafuta wiki nzima, na mkono mwingine, mkubwa, ulikuwa umeishika brashi hiyohiyo.

"Inama, dada!"

Jiwe likapita pale kichwa chake kilipokuwa, likavunja kioo cha kinyozi. Adero alipoinua macho aliona shati jipya la njano, mabuti ya mpira yenye tope jekundu, na kijana mrefu anayetabasamu kana kwamba hapakuwa na mtu anayepigwa.

"Nimekuokoa. Sasa niachie brashi."

"Hukuniokoa mimi, kaka. Uliokoa brashi."

"Unaitakia nini? Ndevu sizioni."

"Nasafisha picha za kale. Na wewe?"

"Nafagia unga wa dhahabu kwenye mzani. Chembe ikipotea, mura, watu wanatoana roho."

"Mimi si mura, si kijana wa kiume."

"Nimeona. Macho ninayo."

Kelele zikakatika ghafla. Yule jamaa alikuwa amelala kwenye maji machafu, kiatu kimoja hakipo, na watu walishaanza tena kuulizia bei ya nyanya. Adero akageuza uso. Kijana akamwachia brashi, akamsindikiza mpaka barabarani bila utani tena. Alisema anaitwa Werema, mwenyeji wa Nyamwaga. Namba ya simu aliiomba kwa adabu, akapewa.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu ya Adero ililia asubuhi, ikalia mchana, hata kazini ikalia, na kazi yenyewe ilitaka utulivu. Katika makumbusho madogo ya mjini kulikuwa na masanduku ya picha za zamani, nyingi zimepigwa kwenye vioo, zilizoachwa na wataalamu waliochimbua mabaki ya kale kwenye vilima vya Tarime na Serengeti kabla ya uhuru. Ukungu ulikuwa unazila. Adero alizipangusa vumbi, akazilaza mojamoja kwenye skana, akaziingiza kwenye kompyuta kabla hazijafutika. Mkuu wake, mama Tabitha, alikuwa na sheria moja: picha haitoki mpaka yeye ameilinganisha na kioo chake.

"Malkia wa vioo, umekula?" Werema aliuliza siku moja.

"Niache nifanye kazi, yawa!" Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, mikono, ndani ya glovu nyeupe, ilikuwa inalaza kioo.

"Nimeongea na kaka yangu Matiko. Anauliza, mahari ya Wajaluo ni ng'ombe wa rangi gani?"

"Rangi yoyote, ilimradi si wa wizi!" Adero alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akabonyeza kitufe, skana ikanguruma.

Jioni Werema alipompitia na mahindi ya kuchoma, picha hiyo ilikuwa bado imewaka kwenye kompyuta. Katikati palikuwa na jiwe kubwa lililopasuka. Kushoto kwake kulikuwa na mtaro wa wachimbuzi, na mbele ya nyumba ya majani walisimama Mzungu na mwanamume wa Kikurya mwenye koti refu. Ukuta wa mtaro ulikatwa na mstari mweupe.

Werema aliacha kutafuna. "Huyo wa koti ni babu yangu. Jiwe hilo liko kwetu Kemoru. Na huo mstari ndio mwamba wenyewe, Adero, mwamba wa dhahabu!" Akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo cha kompyuta. "Lakini ona nyumba yake ilipokuwa. Kushoto mwa jiwe, ng'ambo ya kijito! Leo huko ni kwa majirani. Kumbe walituibia ardhi."

"Mama Tabitha hajaikagua, mpenzi."

"Ni babu yangu, Adero. Unaninyima babu yangu?"

Mapenzi yana kichaa chake. Akamchapishia.

Walivuka kijito asubuhi, Werema, Matiko na ndugu zao, sururu mkono huu, picha mkono ule. Walichimba shimo la kumfunika mtu na hawakuona mwamba, waliona mishale. Mmoja ulimwingia Matiko shingoni. Werema alimbeba mgongoni kurudi ng'ambo, damu ya kaka yake ikimtiririkia kifuani, na panga la mtu aliyesoma naye darasa moja likamchana bega. Matiko alikata roho katikati ya maji. Nyumbani alimwacha mkewe, Bhoke, mja mzito.

Baada ya mazishi, simu ya Adero ililia.

"Nani alikutuma?" Sauti ya Werema ilikuwa kavu.

"Werema, pole, nimesikia, nimekupigia—"

"Kule hakuna mwamba. Hata kokoto nyeupe hakuna. Nimeambiwa watu wa ng'ambo walikuja ofisini kwako, ukawachekea."

"Walikuja kutazama babu zao, kama wewe!"

"Ulinipa kaburi la kaka yangu kwenye karatasi. Leo jua likifika utosini tunavuka tena. Sitarudi mikono mitupu." Akakata.

Adero alifungua ile picha, akaitazama kwa chuki. Mama yake ni fundi cherehani pale Sirari. Tangu utoto alishona vifungo vya watu. Macho yake yakakwama kwenye koti la yule babu. Limefungwa kike, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Akatazama shati la Mzungu. Nalo limefungwa kike. Wanaume wawili, wote wamevaa nguo za wake zao?

Alikichukua kioo, akakipeleka dirishani. Kioo cha picha kina upande unaong'aa na upande uliofifia, na ule uliofifia ndio hulala chini kwenye skana. Alikumbuka simu begani, kicheko, ng'ombe wa rangi. Alikuwa amekilaza kinyume. Kushoto kulikuwa kulia. Nyumba ya babu haikuwahi kuvuka kijito. Ilikuwa upande uleule ambako akina Werema walichunga mbuzi kila siku, na mwamba uko hukohuko. Matiko alikufa akiipigania ardhi isiyo yake.

Mama Tabitha aliangalia kioo, akaangalia picha, akakaa chini taratibu.

"Nikisema atanichukia maisha yangu yote, mama."

"Usiposema atakufa mchana huu. Polisi nitawapigia, lakini mpaka wafike! Chukua kioo uende. Karatasi tumeshawadanganya nayo."

Pikipiki ilimrusha Adero kwenye mashimo ya barabara ya Nyamwaga, kioo kimefungwa ndani ya khanga kifuani kama mtoto mchanga. Kemoru alikuta wanaume wamejipanga pande mbili za kijito, mapanga mkononi, pinde zimevutwa. Werema alisimama mbele, amevaa jaketi la marehemu. Adero alitembea mpaka katikati yao.

"Toka hapo!" Werema alifoka.

"Shikamooni, wazee," Adero aliwaamkia wa pande zote mbili, sauti ikimkatika. Akapanda mpaka kwenye jiwe lililopasuka. "Ufa wa jiwe hili, kijito kikiwa kushoto kwako, umeinama wapi?"

Mzee wa ng'ambo, Nyangwine, akajibu, "Kulia. Tangu nizaliwe."

"Werema, itoe karatasi yako. Umeinama wapi?"

Aliitoa. Akailinganisha na jiwe. Kushoto.

Adero alikiinua kioo juani, upande ulio sahihi. Kila aliyekuwa karibu aliona: ufa umeinama kulia, na nyumba ya babu iko kulia. "Nilikigeuza kwa makosa. Hakuna aliyenituma. Ni mimi niliyemuua Matiko, na sikujua."

Bhoke alitoka kati ya wanawake na fimbo ya kuchungia. Pigo la kwanza lilimpasua Adero mdomo. Kioo kikaanguka, kikawa vipande. La pili lilivunja kidole. La tatu lilitua kwenye kichwa cha Werema, kwa kuwa alikuwa ameshajitupa juu yake.

"Inatosha, shemeji. Mimi ndiye niliyeing'ang'ania picha." Damu ilimwingia jichoni. Akalitupa panga kwenye kijito.

"Rudini mkamlilie mtu wenu," mzee Nyangwine alisema toka ng'ambo, akashusha upinde. Wenzake wakashusha. Hakuna aliyevuka siku ile.

Werema alimwinua Adero bila kumtazama. "Nenda mjini. Nenda kabla sijajua ninachohisi."

Akaenda. Moyo uliuma kuliko mdomo. Kioo kilikuwa kimekufa, ila picha ilibaki kwenye kompyuta, sasa imegeuzwa sawasawa, na Adero hakushika tena kazi huku simu iko hewani. Masika ikapita. Alisikia mwamba umepatikana, watu wa mbali wamefika, wawili wameshachomana visu. Namba ya Werema haikulia.

Mpaka asubuhi moja ilipolia. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Ni Bhoke. Nilikupiga, na msamaha siombi."

"Sijauomba, dada."

"Nimejifungua wa kike. Sasa sikiliza. Huyu shemeji yangu hali, halali, shimoni hashuki. Anakaa na simu anaitazama, hapigi. Mwanamume nimeshazika mmoja kwenye nyumba hii. Wa pili simziki kwa ajili ya kiburi. Unamtaka au humtaki?"

Nyuma ya simu mtoto alilia, na mwanamume akasema, "Bhoke, nipe hiyo simu." Bhoke hakumpa.

"Namtaka," Adero alisema.

"Basi njoo. Ng'ombe wataletwa kwa baba yako, wa rangi yoyote watakaopatikana."

Adero alivua glovu. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni alipogonga mlango wa mkuu wake.

"Mama, naomba ruhusa."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Naenda kuolewa."