Mteremko wa Newala

Rafiki yangu Tahiri wa Chiwata, ambaye siku hizi hawezi tena kutembea, alipata leseni bila kukanyaga shule ya udereva, mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua korosho na kugombania madereva.

Siku moja Mama Winfrida, abiria aliyeketi juu ya magunia ya lori lake, aligonga paa la kebini. "Mwanangu, punguza mwendo!" Tahiri alicheka tu. Lori likapinduka mteremkoni, mama yule akazikwa kijijini Mkunya. Tahiri akapewa lori jingine.

Asubuhi moja ya ukungu mzito aliteremka palepale, peke yake. Paa likagongwa. Akasimama, akavuta breki ya mkono, akazima injini, akapanda nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Mama, nisamehe," alinong'ona.

Kutoka ndani ya kebini tupu, akasikia breki ya mkono ikiachiwa taratibu.