Anwani ya Herufi Nyekundu

Mchora mabango alichemsha chai ya kikombe kimoja, akaketi mbele ya kompyuta. Tangu afiwe na mkewe, nyumba ilikuwa kimya mpaka alisikia saa ya ukutani ikitembea. Binti yake wa pekee alikuwa mpishi katika meli ya mizigo. Huko baharini simu haishiki. Barua pepe, kupitia mtandao wa meli, ndiyo kamba pekee iliyowaunganisha.

Barua mia mbili na kumi zilimngoja. Umeshinda gari! Dawa ya upara! Akazichagua zote, akazifuta kwa mpigo mmoja, kama kila asubuhi.

"Miezi miwili, hata salamu hakuna," akanung'unika. "Sijui nilimkosea nini mtoto huyu."

Siku hiyo jirani yake, mama fundi wa kompyuta, alileta kibao cha duka lake kipakwe rangi upya. Akaiona skrini.

"Mzee wangu, hilo sanduku la barua au jalala?"

"Cheka tu, mwanangu. Nafuta zote, napumua."

"Zote? Na ya binti yako ikiwa humo?"

Mzee akamsogezea fundi kibodi.

Wakafungua kapu la barua zilizofutwa. Kapu lile hujisafisha lenyewe kila zipitapo siku thelathini, kwa hiyo walikuta moja tu ya binti yake:

"Baba, hii ni ya tano. Kama umekasirika kwa kuwa niliondoka, sema. Sitakusumbua tena."

Mzee akaigeukia skrini. "Hawa wanaonijazia taka walinijuaje? Anwani yangu sijampa mtu!"

Fundi akafungua tovuti ambayo mzee alijitengenezea. Anwani ilikuwa juu, katikati na chini, kwa herufi nyekundu kubwa.

"Hujampa mtu, umempa kila mtu!"

"Bango lisilosomeka ni ubao tu," mzee akajitetea. "Miaka arobaini ndiyo kazi yangu."

"Barabarani wanasoma watu. Mtandaoni kuna programu zinazozunguka mchana kutwa kama nzi. Zinatafuta anwani tu. Zikiona alama ya @ katikati ya majina, zinanyakua, na walaghai wanakujazia taka."

"Basi tuifute!"

"Tutaifuta. Ila walioichukua wameshaichukua. Maji yakimwagika hayazoleki. Tufungue anwani mpya. Wape watu wako tu, usiibandike hadharani. Kwenye tovuti tuweke fomu. Mteja anaandika shida yake, anabofya 'tuma', inakufikia. Anwani yenyewe haionekani popote kwenye ukurasa."

"Na hao nzi wakiijaza fomu?"

"Tutaweka nafasi moja iliyofichwa. Mtu haioni, haijazi. Programu hujaza kila nafasi. Ikishaijaza ile, barua yake inatupwa."

"Mtego!" Mzee akacheka kidogo.

"Kwenye sanduku la zamani, taka usizifute kwa mkupuo. Zitie alama ya taka, kompyuta ijifunze kuzitenga. Usibofye chochote ndani yake. Wala usiwajibu."

"Hata tusi moja?"

"Hata nusu. Ukijibu, wanajua upo."

Jioni mzee alimwandikia binti yake kutoka anwani mpya: "Sikukasirika. Nilikufuta bila kujua. Nisamehe."

Kisha akangoja. Sanduku jipya lilikuwa safi, na usafi ule ulimtisha kuliko takataka. Wateja wawili waliandika kupitia fomu. Akawajibu siku hiyo hiyo. Siku ya tatu, kimya. Siku ya saba, kimya.

Siku ya tisa ikaingia barua moja.

"Baba! Nilidhani umenitupa. Nililia nikikata vitunguu, wenzangu wakadhani ni vitunguu."

Mzee akajibu kwa vidole viwili: "Zile nne za kwanza zimepotea kabisa. Zilisemaje?"

Jibu likaja kesho yake, refu kuliko skrini.

"Sikumbuki kila neno, baba. Ila ya kwanza niliianza hivi: leo tumeng'oa nanga, na wewe hukunipungia mkono..."

Mzee akavuta kiti karibu, akaanza kusoma kwa sauti.